Mita Kumi na Mbili za Mbaka

Hebu mwone akifika. Ni Jumatatu asubuhi huko Kibirichia, ukungu bado umelalia mashamba ya viazi, na pikipiki moja kuukuu inapanda kilima ikikohoa. Juu yake kuna mwanamume wa miaka arobaini na saba hivi. Amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu Nkubu alikotoka baridi ya namna hii hawaijui. Nyuma amefunga begi la turubai. Anasimama langoni kwa Mama Kawira, anazima injini, anavua helmeti, anasalimia. Kisha, kabla hajaketi, kabla hata hajauliza bwawa liko upande gani, anaomba aletewe kabeji.

Mwenye boma, Gatwiri kwa jina lake, alidhani mgeni ana njaa. Akamwambia uji uko tayari, sasa kabeji mbichi asubuhi yote hii ataitafuna na nini? Mbaka, maana hilo ndilo jina la mgeni wetu, akacheka akasema si ya kula. Anataka kabeji yenye ukubwa wa kichwa cha yule mtoto anayekuja. Ana umri gani vile? Mwaka mmoja na miezi mitatu, Gatwiri akajibu, akashuka shambani. Hakuchuma kabeji ya kwanza aliyoikuta. Alizipima kwa viganja moja baada ya nyingine, macho yakiwa mbali, kama mtu anayejaribu kukumbuka uzito fulani. Alipopata ya kumridhisha akaipandisha juu kwa mikono miwili.

Mbaka aliizungushia uzi, akafunga fundo pale uzi ulipokutana, akamrudishia kabeji yake.

"Siku ya mwisho utanitafutia nyingine kama hii," akasema. "Ndiyo itakayotuambia kama nimefanya kazi au nimekula pesa zako bure."

Sasa wacha nikuambie huyu Mbaka ni nani, maana ukipita Nkubu unaweza kumsikia kabla hujamwona. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara, na ndani yake kuna mashine ya kusuka waya, ile ya kuzungusha kwa mkono. Waya unaingia ukiwa umenyooka, unatoka umejikunja kama nywele za mtu aliyefumua, na kila uzi unaotoka anausokota ndani ya mwenzake mpaka upatikane ule wavu wa matundu ambao watu huuita chenlinki. Mashine ile ina mlio wake, kriii-kaka, kriii-kaka, na wenye maduka ya jirani wanasema siku ukinyamaza wao hawasikii usingizi wa mchana. Hakuna aliyemfundisha. Aliinunua ikiwa imevunjika mkono kutoka kwa mtu aliyechoka nayo, akakaa nayo miezi mitatu akiifungua na kuifunga mpaka wakaelewana.

Amezungushia ua mashamba ya kahawa, mbuzi, shule ya chekechea, makanisa mawili ya madhehebu yasiyosalimiana, na mzee mmoja aliyetaka kutengwa na ndugu yake wa kuzaliwa. Huyo wa mwisho ndiye aliyelipa haraka kuliko wote. Lakini bwawa alikuwa hajawahi. Hilo likumbuke, kwa sababu ndiko tunakoelekea.

Kuna jambo lingine ambalo Mbaka huwasimulia wateja, hasa wale wanaosema mtoto atachapwa kidogo na ataacha kwenda kwenye hatari. Yeye mwenyewe aliwahi kutumbukia majini. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa kwenye foleni ya kupima kahawa kiwandani, na Mbaka akatangatanga mpaka kwenye shimo la maji machafu yaliyooshea kahawa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na karai kichwani alilitupa karai, akalala kifudifudi, akamshika shati, akamvuta. Mama mtu alipofika mbio alikuta mtoto ananuka kahawa iliyooza na kulia kwa nguvu zote, na yule mwanamke ameshaokota karai lake na kwenda. Jina lake halikujulikana. Walichoshika ni kwamba alifunga kitambaa cha kijani. Mpaka anaingia kaburini, mama yake Mbaka alikuwa akimwona mwanamke yeyote mwenye kitambaa cha kijani, anamsalimia mara mbili. Mbaka husimulia hayo akicheka, hata Gatwiri alisimuliwa, na husema harufu ile ya kahawa ilimtoka alipooa.

Turudi kwa Gatwiri. Bwawa lake ni lile la kuchimba, urefu mita kumi na nne na upana mita tisa, na chini limetandikwa karatasi nyeusi, plastiki nzito ya kuzuia maji yasinywewe na udongo. Alilichimba na marehemu mumewe, Kinoti, mwaka ule mvua zilipowakatisha tamaa, na ndilo linalomwagilia viazi vyake wakati wengine wanatazama mawingu. Ni bwawa zuri. Ila karatasi ile inateleza kama sabuni. Mtu mzima akiingia humo bila kamba ya kushika hatoki, sembuse mtoto.

Na mtoto alikuwa anakuja. Kawira, bintiye Gatwiri, ameolewa Embu na anafanya kazi ya ofisi mjini humo. Mwanamke aliyekuwa akimlelea mtoto alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi. Huyo mtoto ni binti wa pili, kwa hiyo kwa desturi yetu alipewa jina la nyanya yake mzaa mama. Ni Gatwiri. Kawira mwenyewe humwita bintiye "mami", kwa sababu huwezi kumwita mama yako jina lake hivi hivi, hata akiwa anavaa nepi. Basi Gatwiri mkubwa alipopiga simu na kusema mleteni huku nikae naye huu mwaka mmoja, Kawira alisema anampenda mama yake, lakini lile bwawa halimpi usingizi. Lizungushiwe ua au maji yamwagwe. La sivyo mtoto ataenda Kibugu kwa Ednah, dadake mumewe, ambako hakuna bwawa, kuna majani chai tu.

Ednah ni mtu mwema. Gatwiri hakuwa na neno baya juu yake. Lakini alikuwa amekaa peke yake katika nyumba ile miaka miwili, na mtu wa jina lake alikuwa anajifunza kutembea mahali pengine. Kumwaga maji nako ni kumwaga viazi vya kiangazi. Ndiyo maana alimtafuta Mbaka.

Mbaka alipima ukingo wa bwawa kwa futi yake, akazunguka mara mbili, akaandika. Alipima nusu mita kutoka pale karatasi nyeusi inapoingia ardhini. Jumla mita hamsini. Gatwiri alikuwa amesimama pembeni ameshika kikombe, akimtazama, na hakusema kitu. Kisha wakaketi nje ya jiko na Mbaka akamsomea: nguzo ishirini, elfu tisa, waya mita hamsini, elfu kumi na tano, lango lenye springi, elfu sita na mia tano, saruji, misumari na waya wa kukaza, elfu tatu, na mkono wake mwenyewe, elfu sita na mia tano.

"Arobaini elfu," akasema.

Gatwiri alizungusha kikombe mkononi. "Hiyo ni magunia ishirini ya viazi, fundi. Na ni kama bei iko juu."

"Najua, Mama."

"Hili bwawa tulilichimba kwa mikono yetu. Sasa ua wa kulizunguka umelishinda bwawa bei?"

Mbaka akampa ile karatasi ya hesabu aishike mwenyewe. Gatwiri akaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta mawe kwenye maharagwe. Kidole kikasimama kwenye lango. Akauliza kama hawezi kuweka lango la fito afunge kwa kamba.

Hapo Mbaka akakataa, na ingawa ni mtu mpole alikataa bila kupinda. Alisema mtoto hapiti kwenye waya. Mtoto hupita pale ambapo mtu mzima aliacha wazi akisema anarudi sasa hivi. Lango lazima lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu kabisa, kimo cha kifua cha mtu mzima. Gatwiri akajaribu urefu: futi tano za nini, si futi tatu zinatosha mtoto wa mwaka mmoja? Mbaka akamuuliza kama mtoto huyo atabaki wa mwaka mmoja. Gatwiri akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Kidole kikarudi juu, kwenye nguzo. Gatwiri akainua uso akatazama chini mwa shamba, ambako mistari miwili ya mikalitusi ilisimama mpakani.

"Na hizo je?" akauliza.

Mbaka akashuka akaikagua, akaigonga kwa kisu, akarudi ameridhika. Ikikatwa leo, ikichunwa maganda, sehemu ya kuzikwa ipakwe oili chafu ili mchwa wasikaribie, itafaa. Akachukua kalamu akapiga mstari juu ya elfu tisa. Zikabaki thelathini na moja. Gatwiri alikuwa na thelathini na mbili, na hiyo elfu iliyozidi ilikuwa ya dawa ya viazi. Akashukuru palepale, akashika mkono wa fundi kwa mikono yake miwili, na Mbaka akasema asishukuru mapema hivyo, kazi bado.

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua.

Wiki nzima mashine ile ya Nkubu ililia. Mita hamsini kamili, matundu madogo ambayo mguu wa mtoto hauwezi kupata ngazi ndani yake. Jumatano ya wiki iliyofuata Mbaka akarudi Kibirichia na mizigo yake kwenye pikapu ya kukodi, akakuta nguzo zimechunwa na kupakwa oili, zimepangwa sambamba kama viberiti. Gatwiri alikuwa amezifanya mwenyewe na majirani wawili. Kawira angefika Jumamosi. Siku tatu, na kazi ilikuwa ya siku tatu.

Akaanza kuchimba. Shimo la kwanza la nguzo, sawa. La pili, sawa, mawe tu. Kwenye la tatu aliinua mtaimbo, akaushusha kwa nguvu, na mtaimbo ukaingia. Haukugonga jiwe wala haukukwama kwenye udongo. Uliingia kwa ulaini, kama kidole kinachopasua ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Mbaka alijua kwamba kuna kitu amefanya kabla ya kujua ni nini. Akapiga magoti, akafukua kwa mkono. Ndani ya shimo, karibu kina cha mkono, ilikuwa ile karatasi nyeusi, inang'aa, na imepasuka pande mbili.

Yeye alidhani karatasi inaishia pale inapopotelea kwenye nyasi. Kumbe haiishii. Inaendelea chini ya ardhi hatua nzima, inateremshwa ndani ya mtaro na kufukiwa, ili uzito wa maji usiivute ikateleza yote mpaka chini ya bwawa. Mpasuko ule ulikuwa juu ya maji, hauvuji sasa. Lakini mvua kubwa zikija, bwawa likijaa, mpasuko utatembea, karatasi itaachia, na viazi vya kiangazi vitakuwa hadithi.

Gatwiri alikuwa shambani, mgongo umeinama. Hakuna aliyeona. Mbaka alikaa juu ya visigino vyake, na sitakudanganya, alifikiria. Nguzo ingeweza kusimama palepale. Saruji ingefunika. Mvua zikija na karatasi kuteleza, nani angejua ni kwa nini? Mabwawa huharibika. Na kama hatafanya hivyo, basi mstari wote wa nguzo lazima usogee nje, mbali na mtaro ule uliofukiwa, na ua ukisogea nje unakuwa mrefu, na waya aliosuka hautatosha. Akapiga hesabu kichwani. Mita mbili kutoka ukingoni pande zote. Mita sitini na mbili. Zinapungua kumi na mbili. Na Jumamosi mtoto anafika.

Akasimama, akapangusa magoti, akamwita.

Gatwiri alikuja, akatazama shimoni, akaketi kwenye nyasi. Mbaka akasimama mbele yake kama mtu mbele ya chifu, akiyasubiri maneno makali, na alikuwa tayari kuyapokea yote. Hayakuja.

"Hii tuliizika mimi na Kinoti," Gatwiri akasema mwishowe. "Siku mbili, kwenye matope. Najua inafika wapi hata gizani. Na siku ile nilikuona ukipima, nikajiambia, mbona karibu hivyo? Nikanyamaza. Wewe ndiye fundi."

"Na mimi sikuuliza," Mbaka akasema, "kwa sababu wewe ndiye mwenye bwawa."

Wakatazamana. Adabu ya pande zote mbili, na hilo ndilo tundu ililotoboa. Gatwiri akaanza kutikisika mabega, na Mbaka alidhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka ambacho kikianza hakishikiki.

Wakaiziba karatasi siku ileile. Gatwiri alikuwa na kipande kilichobaki tangu siku za kuchimba, amekikunja vizuri stoo, na Mbaka akakibandika pande zote mbili za mpasuko kwa gundi, kama mtu anayeziba tyubu ya baiskeli, akarudisha udongo polepole kwa mikono. Kisha wakapima upya, safari hii wawili, mmoja akishika mwanzo wa futi na mwingine mwisho, na Gatwiri akisema kwa sauti pale palipozikwa nini. Nguzo tano zaidi zikakatwa mpakani. Alhamisi zikasimama zote ishirini na tano, zimekazwa kwa mawe na kuegemezwa fito. Ijumaa jioni waya ulikuwa umezunguka bwawa, lango limesimama na kujifunga lenyewe kwa kishindo kizuri, na upande mmoja kulikuwa na pengo la mita kumi na mbili.

Gatwiri alitaka pengo hilo liwe upande wa nyuma, lisionekane. Mbaka akaliacha upande wa mbele, mkabala wa mlango wa jiko. Akasema tundu linalojulikana ni afadhali lionekane na kila mtu. Akawasha pikipiki akateremka Nkubu.

Jumamosi saa tatu Kawira akafika na mumewe Ireri kwa gari walilokopeshwa na rafiki. Akashuka na mtoto mkononi. Akamwona mama yake langoni, na nyuma ya mama yake ua mzuri, mrefu, unaong'aa, na katikati ya ua huo nafasi wazi inayopitisha ng'ombe watatu. Na katikati ya nafasi hiyo mwanamume mwenye makoti mawili ameketi juu ya debe, miguu huku na huku ya mashine ya chuma, mgongo wake kwenye maji, anazungusha mkono. Kriii-kaka. Kriii-kaka.

Mbaka alikuwa ameifungua mashine yake kutoka kibandani usiku, akaipandisha Kibirichia kwa pikipiki, yote, na waya wake.

Kawira hakumshusha mtoto. Alisalimia, kwa sababu amelelewa vizuri, kisha akamuuliza mama yake kwa sauti ya chini, "Mami, hii ni nini?"

"Ni ua," Gatwiri akasema.

"Ni ua na barabara yake."

Kawira akamtazama mumewe, na Ireri akatazama gari, na Mbaka kwenye debe lake akaona yote mawili. Akaona jinsi Gatwiri alivyoshika ncha ya kanga yake. Hapo ndipo akaisimamisha mashine.

"Mama mtoto," akasema, "hili pengo ni langu. Nilipima vibaya, nikamtobolea mama yako bwawa, tukaziba. Waya uliobaki nausukia hapahapa. Mpaka ufike kwenye ile nguzo, mimi ndiye ua. Sinyanyuki. Chai nitaletewa hapa."

Ireri, ambaye ni mtu wa mzaha hata msibani, akauliza, "Na ukitaka kwenda haja?"

"Hapo utakalia debe wewe."

Kawira akajaribu kuzuia kicheko, kikampita puani. Akatazama ua tena, taratibu, akaenda akautikisa kwa mkono. Akafungua lango akaliachia, akalisikia likijifunga. Akapiga magoti akatazama chini ya waya. Halafu akamshusha mtoto kwenye nyasi, nje ya ua, na hakumwachilia mkono. Halafu akamwachilia.

Gatwiri mdogo alisimama, akayumba, akatembea moja kwa moja kuelekea kwenye kelele. Watoto ndivyo walivyo, sote tunajua. Alifika kwenye mashine, akamtazama mtu wa makoti mawili, akatazama maji yaliyokuwa yakimetameta nyuma yake, akachukua hatua kwenda upande. Mbaka akanyoosha mguu. Mtoto akaenda upande mwingine. Mbaka akanyoosha mwingine. Mwishowe mtoto akachoka na mazungumzo hayo, akaketi juu ya kiatu cha fundi, akapenda hapo. Kila uzi wa waya uliotoka, mtoto aliuonyesha kidole kama anauhesabu.

Ilichukua mpaka saa tisa. Ireri alikalia debe mara mbili, na mara ya pili alisahaulika hapo makusudi kwa dakika kumi. Gatwiri alileta chai, akaleta mukimo wa viazi vya kuponda, akaleta chai tena. Mita ya kumi na mbili ilipofungwa kwenye nguzo, Mbaka alikuwa upande wa nje na maji yalikuwa upande wa ndani. Akaomba kabeji.

Safari hii Gatwiri hakuhitaji kuipima kwa viganja. Mtoto alikuwa hapo. Akachuma, Mbaka akaizungushia uzi wake, fundo likakutana sawasawa. Akampa Gatwiri aizungushe ua wote mwenyewe, akiisukuma kwa mguu chini ya waya kila hatua. Wote wakamfuata nyuma, hata mtoto. Kila mahali kabeji iligonga waya ikarudi. Karibu na nguzo ya mwisho, mahali ardhi ilipozama kidogo, kabeji ikapita. Ikabingirika taratibu, ikashuka ukingoni, ikateleza kwenye ile karatasi nyeusi, ikaingia majini bila kelele yoyote ya kutajika.

Kawira alimwinua bintiye akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kabeji ilielea. Mbaka akachukua koleo, akaleta mawe na udongo, akajaza pale, akashindilia kwa kisigino muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kabeji ya pili ikasukumwa. Ikarudi.

Walipoketi kula, Gatwiri aliomba aombe yeye. Alimshukuru Mungu kwa viazi, kwa mikalitusi, kwa gari la watu lililofika salama. Akamshukuru kwa fundi ambaye angeweza kufukia shimo akanyamaza. Mbaka aliinamisha kichwa zaidi, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu alichofikiria pale shimoni, na kumbe mwenye bwawa alijua. Kisha Gatwiri akasema, "Na yule mama wa kitambaa cha kijani, Bwana, sisi hatumjui jina lakini wewe unamjua. Popote alipo, mwambie kazi yake imefika mpaka Kibirichia. Amina."

Mbaka alichelewa kuinua kichwa. Walimpa nafasi, wakaanza kupakua.

Kuhusu zile mita kumi na mbili walibishana mpaka jua likashuka. Gatwiri alitaka kuzilipa, mia tatu kila mita, akisema mdomo wake ndio ulionyamaza. Mbaka akasema jicho lake ndilo lililopima vibaya. Hakuna aliyeshinda. Alilipwa thelathini na moja waliyopatana, akashukuru, na gunia la viazi likafungwa juu ya mashine yake kabla hajapata la kusema. Siku hizi, kila mtu anayemjua anapopanda Kibirichia, Mbaka hutuma mkungu wa ndizi.

Mvua zilikuja, bwawa likajaa mpaka ukingoni, na karatasi haikuteleza. Gatwiri mdogo sasa anakimbia. Kila asubuhi huenda kwenye ua, hushika waya kwa mikono miwili, huutikisa, hutazama maji, kisha huenda zake kusumbua kuku. Hilo ndilo tukio lote. Atakua, ataenda shule, na hatakumbuka kiatu alichokalia wala mtu aliyeketi kwenye debe, kama vile Mbaka asivyoukumbuka uso wa yule aliyelala kifudifudi kando ya shimo la kahawa.

Na wewe uliyefika mpaka hapa ukiwa mzima, unamjua aliyekaa kwenye pengo lako?